Zana za kukatia kucha za mbwa nyumbani: Ipi inafaa, ipi ni hatari

MBWA wengi wanaofugwa mijini, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, hufugwa kwa ajili ya ulinzi. Mchana hufungiwa bandani, na usiku hufunguliwa ili wazunguke ndani ya uzio hadi alfajiri.

Wafugaji walio makini huwapatia mbwa hao chakula, maji, dawa ya kupe na chanjo ya kichaa cha mbwa. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo husahaulika katika nyumba nyingi, nalo ni kucha.

Mbwa anayetembea mwendo mrefu juu ya lami, changarawe au sakafu ngumu husugua kucha zake zikapungua zenyewe. Anayeshinda bandani, au kwenye ua wenye nyasi na mchanga, hapati msuguano huo wa kutosha. Matokeo yake ni kwamba kucha hukua bila kipingamizi.

Ukucha ukishakuwa mrefu hugusa ardhi kabla ya wayo. Kila hatua huusukuma kidole nyuma au pembeni, na mbwa hulazimika kubadili namna anavyokanyaga ili kukwepa maumivu. Baada ya muda huanza kuchechemea, huchoka upesi, na hupenda kulala kuliko kutembea. Kwa mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa huteleza sakafuni na kushindwa kuinuka.

Ukucha mrefu pia hunasa kwa urahisi kwenye wavu wa dirisha, zulia au seng'enge, ukapasuka au kung'oka. Ukiachwa miezi mingi hujikunja kama ndoana hadi ukaingia kwenye nyama ya wayo na kusababisha kidonda chenye usaha.

Dalili iliyo rahisi kuitambua ni sauti. Mbwa anayepita juu ya vigae au saruji huku kucha zikigonga sakafu kwa kila hatua, mara nyingi amepitisha muda wa kukatwa. Dalili nyingine ni mbwa kulambalamba vidole vyake kila wakati.

Kazi ya kukata kucha inaweza kufanyika nyumbani bila kumpeleka mbwa kliniki. Linalotatiza ni chombo cha kutumia. Baadhi ya watu huchukua kilicho karibu, iwe wembe, kisu cha jikoni, mkasi wa kushonea au koleo la fundi umeme. Mbwa akiumizwa mara moja hukumbuka, na siku nyingine hakubali tena kushikwa mguu. Atakayeshikilia mguu huo kwa nguvu anaweza kung'atwa.

Ukucha wa mbwa ulivyo

Kabla ya kuchagua zana, ni vema kuelewa kinachokatwa. Ukucha wa mbwa una sehemu mbili. Ya nje ni gamba gumu lisilo na hisia, lililotengenezwa kwa keratini, ambayo ndiyo inayojenga kucha za binadamu na pembe za ng'ombe.

Ndani ya gamba hilo kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na neva. Gamba likikatwa mbwa hahisi maumivu, lakini kiini kikiguswa maumivu ni makali na damu hutoka nyingi kuliko mtu anavyotarajia.

Kwa mbwa mwenye kucha nyeupe, kiini huonekana kwa nje kama mstari wa rangi ya waridi. Kwa mwenye kucha nyeusi hakionekani, na hapo ndipo makosa mengi hutokea. Mbwa mmoja anaweza kuwa na kucha nyeupe na nyeusi katika mguu uleule. Katika hali hiyo, nyeupe husaidia kukadiria kiini cha zile nyeusi kinapoishia.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba kiini hurefuka pamoja na ukucha. Mbwa ambaye hajakatwa kwa mwaka mzima ana kiini kirefu, hivyo haiwezekani kumrudisha kwenye urefu unaofaa kwa siku moja. Hukatwa kidogokidogo, kila baada ya wiki moja au mbili, na kiini hurudi nyuma taratibu.

Kwa kawaida mbwa ana kucha 18. Kila mguu wa mbele una tano, na kila mguu wa nyuma una nne. Ukucha wa tano wa mbele uko upande wa ndani, juu ya vidole vingine, na haufiki chini. Kwa sababu hausuguki kwenye ardhi, ndio unaowahi kujikunja na kuingia kwenye nyama. Ndio pia unaosahaulika zaidi, hasa kwa mbwa wenye manyoya mengi.

Wapo mbwa wenye kucha za pembeni hata katika miguu ya nyuma. Mfugaji anashauriwa kuhesabu vidole vya mbwa wake mara moja na kuvikumbuka.

Mkasi wenye umbo la koleo

Zana inayowafaa wafugaji wengi ni mkasi maalumu wa kucha za mbwa wenye umbo la koleo. Una mikono miwili yenye springi katikati, na ncha zenye makali mawili mafupi yaliyopinda, ambayo hukutana na kuuzunguka ukucha pande zote mbili.

Faida yake kubwa ni nguvu. Makali mafupi na mikono mirefu humwezesha mkataji kukata ukucha mnene kwa kubana mara moja tu, bila kuuponda. Kwa sababu hiyo mkasi huu unafaa kwa mbwa wa kati na wakubwa, kama vile German Shepherd, Rottweiler na Rhodesian Ridgeback, pamoja na mbwa wa kienyeji ambao kucha zao huwa ngumu.

Faida nyingine ni kwamba mkataji anaona anapokata. Aidha, makali yakiwa yamefunguka yanaweza kupitishwa pembeni mwa ukucha uliojikunja, jambo lisilowezekana kwa baadhi ya zana nyingine.

Mikasi mingi ya aina hii ina kibati kidogo nyuma ya makali, kinachozuia ukucha usiingie sana. Kibati hicho husaidia, lakini hakijui kiini cha mbwa fulani kinaishia wapi. Kwa mbwa ambaye hajakatwa kwa muda mrefu, kukitegemea peke yake ni kujitafutia damu.

Ukubwa wa mkasi uendane na ukubwa wa mbwa. Mkasi mkubwa kwa mbwa mdogo huziba macho ya mkataji, na mkasi mdogo kwa mbwa mkubwa hulazimisha kubana mara mbili au tatu, ukucha ukapasuka.

Kikatio cha tundu

Aina ya pili ina tundu la duara mbele. Ukucha huingizwa tunduni, kisha mikono ikibanwa, kisu chembamba huteleza na kuukata. Zana hii ni nyepesi, na huwafaa mbwa wadogo na wa kati wenye kucha nyembamba.

Uzuri wake ni kwamba mkono hauhitaji nguvu nyingi, hivyo mtu mwenye mkono dhaifu anaweza kuitumia. Wanaoitumia hushauriwa kuielekeza ili upande wa kisu uwe kwa mkataji na si kwa mbwa, kwa kuwa hivyo ni rahisi kuona kitakachokatwa na kubakiza sehemu iliyo salama.

Kasoro zake ni tatu. Kwanza, ukucha mnene hauingii vizuri tunduni, au ukiingia hubanwa na kupondeka. Pili, ukucha uliojikunja kama pete hauwezi kuingizwa kabisa, kwa sababu ncha yake imekwisha kugeuka. Tatu, kisu chake hupoteza makali na kinapaswa kubadilishwa.

Hivyo, mnunuzi aulize mapema iwapo visu vya akiba vinapatikana katika duka hilo. Zana ya bei nafuu isiyo na kisu cha akiba hugeuka kuwa ya gharama baada ya miezi michache.

Mashine ya kusaga

Zana ya tatu haikati bali husaga. Ni mashine ndogo ya umeme au betri, inayozungusha kijiwe au kipande cha msasa kinachopunguza ukucha kidogokidogo. Baadhi ya watu hutumia mashine ndogo za mafundi, kama zile za Dremel, lakini zipo zilizotengenezwa mahususi kwa wanyama, zenye mwendo wa chini na kelele ndogo.

Mashine hii ina manufaa hasa kwa mbwa mwenye kucha nyeusi, kwa kuwa mkataji hupunguza kwa hatua ndogo na kusimama mara anapokaribia kiini. Pia huacha ukucha ukiwa laini, bila kona kali ya kukwaruza ngozi ya mtoto au kuchana kochi. Kwa mbwa ambaye kucha zake hupasuka kwa mkasi, hii huwa suluhisho.

Hata hivyo, ina masharti yake. Msuguano huzaa joto, na joto hilo hufika kwenye kiini. Kwa hiyo kijiwe kiguse ukucha kwa sekunde mbili au tatu tu, kiondolewe, kisha kirudishwe. Manyoya marefu ya mguuni yakusanywe na kushikwa nyuma, kwani yakinaswa na mashine humng'oa mbwa nywele na kumtia hofu kubwa.

Vumbi la ukucha lisivutwe puani. Barakoa ya kawaida na miwani vinatosha kumkinga mkataji, na kazi ifanyike mahali penye hewa, kama vile barazani.

Kelele na mtetemo ndivyo huwashtua mbwa wengi. Mashine iwashwe kwanza mbali naye kwa siku kadhaa huku akipewa kipande cha chakula, kisha asogezewe polepole. Katika maeneo ambayo umeme hukatika mara kwa mara, mashine ya betri inayochajiwa ni bora kuliko ya waya. Vilevile haina waya wa kumtatiza mbwa miguuni.

Tupa na ubao wa msasa

Tupa ya kucha, ile ya kusugulia kwa mkono, haitoshi kufupisha ukucha wa mbwa mkubwa, kwani huchukua muda mrefu. Kazi yake ni kulainisha kona baada ya kukata. Kwa mtoto wa mbwa, hata hivyo, inaweza kutosha peke yake kwa wiki za mwanzo.

Kwa mbwa ambaye hakubali kushikwa miguu, kuna njia ya ubao. Ubao wenye upana wa kutosha hubandikwa msasa kwa gundi, kisha mbwa hufundishwa kuukwaruza kwa miguu ya mbele huku akituzwa. Ubao huo unaweza kutengenezwa nyumbani na seremala yeyote.

Ubora wa njia hii ni kwamba mbwa ndiye anayefanya kazi mwenyewe, hivyo hofu hupungua. Udhaifu wake ni kwamba kucha za nyuma ni vigumu kufikiwa, na ule ukucha wa pembeni haufikiwi kabisa. Mfugaji achunguze pia ngozi ya wayo, isije ikachubuka kwa msasa.

Vyombo visivyofaa

Kikata kucha cha binadamu kinaweza kutumika kwa mtoto wa mbwa, ambaye kucha zake bado ni nyembamba na laini. Kwa mbwa mzima hakifai. Kimetengenezwa kwa ajili ya ukucha bapa, ilhali ukucha wa mbwa ni wa mviringo, hivyo huubana kutoka pande mbili na kuupasua kwa urefu.

Hata pale kinapotumika kwa mtoto wa mbwa, kitengwe kwa ajili yake peke yake. Kipo choa, ugonjwa wa fangasi unaoweza kuhama kutoka kwa mnyama kwenda kwa binadamu. Kutumia kikata kucha kimoja kwa mbwa na watoto wa nyumbani si kubana matumizi, bali ni kukaribisha maradhi.

Koleo la fundi umeme huponda ukucha badala ya kuukata. Mkasi wa kushonea huteleza. Wembe na kisu havina mahali salama pa kushika, na mbwa akijitikisa ghafla hukata wayo wake au vidole vya anayemshika. Vyombo hivi visitumike hata kwa dharura.

Vilevile mkasi maalumu uliokwisha makali ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Mbwa wengi wanaochukia kukatwa kucha hawachukii kukatwa kwenyewe, bali ule mbano unaotangulia pale chombo butu kinapolazimishwa.

Namna ya kuchagua dukani

Mnunuzi anashauriwa kuangalia mambo machache kabla ya kulipa. La kwanza ni chuma. Makali yawe ya chuma kisichoshika kutu, jambo muhimu zaidi katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, ambako hewa ya chumvi huharibu chuma cha kawaida upesi.

La pili ni makali yenyewe. Mkasi ufungwe taratibu mbele ya mwanga. Makali yakutane sawasawa, pasiwe na upenyo wala kupandana. Njia rahisi ya kupima ni kukata kipande cha karatasi nene au kijiti chembamba. Kikikatika bila kuchanika au kupondeka, makali ni mazuri.

La tatu ni mshiko. Mikono iwe na mpira usioteleza hata kiganja kikiwa na jasho, na upana wake uenee kwenye kiganja cha atakayekata. Springi irudi yenyewe bila kukwama. Kifungio cha kuzuia mkasi usifunguke ukiwa umehifadhiwa ni kinga kwa watoto.

La nne ni uwezekano wa matengenezo. Mkasi ulioungwa kwa skrubu unaweza kufunguliwa, kusafishwa na kunolewa. Ule uliopigwa ribiti hauwezi kufunguliwa.

Kwa mashine ya kusaga, mnunuzi aombe iwashwe dukani na aisikilize. Aulize pia kama mwendo wake unaweza kupunguzwa, na kama vijiwe vya akiba vinapatikana.

Kwa ufupi, mbwa mkubwa mwenye kucha nene anahitaji mkasi wa umbo la koleo. Mbwa mdogo anaweza kukatwa kwa kikatio cha tundu au mkasi mdogo. Mwenye kucha nyeusi au zinazopasuka anafaa kusagwa. Familia yenye uwezo inaweza kuwa na vyote viwili, mkasi wa kufupisha na mashine ya kumalizia, lakini mwenye kununua kimoja aanze na mkasi mzuri.

Vitu vya kuandaliwa pamoja na zana

Haifai kuanza kazi kabla ya kuandaa kitu cha kuzuia damu. Ipo poda maalumu inayouzwa katika maduka ya dawa za mifugo, ambayo hubandikwa kwenye ncha ya ukucha na kukandamizwa kwa sekunde kadhaa. Isipopatikana, unga laini wa wanga wa mahindi unaotumika kukoleza mchuzi, au unga wa ngano, unaweza kusaidia. Wengine husukuma ncha ya ukucha kwenye mche mkavu wa sabuni.

Pamba au kitambaa safi, taulo la kumlaza mbwa, tochi na vipande vidogo vya nyama iliyopikwa pia viwe karibu. Wenye kutumia siagi ya karanga kama kitulizo wasome lebo kwanza, kwa kuwa sukari mbadala iitwayo ksilitoli, inayotiwa katika baadhi ya bidhaa hizo, ni sumu kwa mbwa.

Mbwa asiyezoea kushikwa avishwe kifunga mdomo kinachomruhusu kuhema na kutoa ulimi. Kumfunga kwa kamba inayobana mdomo kwa muda mrefu ni hatari katika joto, kwani mbwa hupoza mwili wake kwa kuhema.

Namna ya kukata

Siku za mwanzo zisiwe za kukata. Mbwa azoezwe kushikwa miguu, kisha kuguswa ukucha na mkasi usiokata, huku akipewa tuzo kila mara. Kwa mbwa wa ulinzi asiyezoea watu, hatua hii inaweza kuchukua wiki kadhaa, na afanye mtu anayemlisha.

Kazi ifanyike mchana penye mwanga, baada ya mbwa kutembezwa akachoka. Watu wawili ni bora kuliko mmoja: mmoja amshike na kumtuliza, mwingine akate.

Kidole kishikwe kwa upole kati ya gumba na kidole cha shahada, na manyoya yasogezwe. Kwa ukucha mweupe, sehemu ya mbele ya mstari wa waridi ikatwe huku kiasi cha milimita mbili kikibakizwa kabla ya kiini. Kwa ukucha mweusi, vikatwe vipande vyembamba kimoja baada ya kingine, na kila mara uso uliokatwa uangaliwe. Nukta nyeusi au ya kijivu, yenye unyevunyevu, ikianza kuonekana katikati, mkataji asimame hapo hapo.

Kukata kucha mbili au tatu kwa siku mbwa akiwa ametulia ni bora kuliko kumaliza zote 18 kwa ugomvi. Baada ya hapo, wengi huhitaji kupunguzwa kila baada ya wiki tatu hadi nne, ingawa mbwa anayetembea sana juu ya lami huweza kukaa zaidi.

Damu ikitoka, mkataji asipige kelele wala kumwachia mbwa akimbie. Aweke poda au unga, akandamize kwa dakika chache bila kufunua kila mara, kisha amwache mbwa apumzike kwenye sakafu safi. Mbwa asipewe dawa za maumivu za binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo zimo katika nyumba nyingi, zinaweza kumjeruhi tumbo na figo na hata kumuua.

Nafasi ya kuchunguza maradhi

Wakati wa kukata kucha ndio wakati mzuri wa kukagua miguu. Kupe hupenda kujificha kati ya vidole. Funza pia huingia kwenye nyayo na pembezoni mwa kucha za mbwa, hasa palipo na vumbi na mchanga. Mbwa mwenye funza ni chanzo cha funza kwa watu wa nyumba hiyo, hivyo kumtibu yeye ni kuwakinga watoto wanaocheza peku.

Baada ya kazi, zana ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe, ipanguswe kwa spiriti, na maungio yatiwe tone la mafuta. Ihifadhiwe pakavu, mbali na watoto. Zana iliyotumika kwa mbwa mwenye ugonjwa wa ngozi au wa kucha isitumike kwa mwingine kabla ya kusafishwa kikamilifu.

Ikitokea mtu akang'atwa au kukwaruzwa hadi damu, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha afike hospitali siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa. Ugonjwa huo, dalili zikishajitokeza, karibu kila mara huishia katika kifo. Kwa sababu hiyo, mbwa ambaye hajachanjwa asianze kukatwa kucha nyumbani kabla ya kupata chanjo.

Lini aitwe daktari wa mifugo

Zipo hali ambazo zana ya nyumbani, hata iwe bora vipi, haifai. Mojawapo ni ukucha ulioingia kwenye nyama ya wayo. Kuukata na kuuchomoa huleta maumivu makali, na kidonda chake huhitaji kusafishwa na kutibiwa.

Nyingine ni ukucha uliopasuka hadi kwenye mzizi, kidole kilichovimba au chenye usaha, na kucha nyingi zinazoanza kung'oka kwa wakati mmoja. Hali hizo huashiria ugonjwa na si urefu wa kucha pekee.

Damu isiyokoma baada ya dakika 20 za kukandamizwa nayo ni sababu ya kwenda kliniki. Baadhi ya magonjwa yanayoenezwa na kupe hupunguza chembe za kugandisha damu, na huenda jeraha dogo la ukucha likawa ndiyo ishara ya kwanza kwamba mbwa anaumwa.

Mbwa mkali kupita kiasi pia apelekwe kwa daktari, ambaye anaweza kumpa dawa ya kumtuliza. Kumfunga miguu na kumkalia, kama inavyofanyika katika baadhi ya nyumba, ni ukatili. Nchini Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amkinge na mateso yasiyo ya lazima. Kenya nayo inayo sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama.

Mbwa wa ulinzi hutarajiwa kusimama usiku kucha, akimbie anaposikia hatua za mgeni, na aruke inapobidi. Kazi yote hiyo huifanya kwa miguu minne isiyovaa kiatu. Mkasi mmoja wenye makali, poda ya kuzuia damu na dakika chache kila mwezi vinatosha kuiweka miguu hiyo katika hali ya kufanya kazi inayotarajiwa.